Kalenda ya shule ya mwaka mzima: Marekani ni nani huamua?

Usidhani ni shule bila holi. Watoi bado wanasoma siku kama 180 kwa mwaka, ila ile likizo ndefu ya kiangazi inakatwa vipande. Mpango maarufu ni 45-15: siku 45 za klasi, siku 15 za mapumziko.

Mbona? Mara nyingi ni nafasi. Shule inagawa wanafunzi makundi manne. Moja likiwa holi, matatu yako klasi. Jengo la watoi 750 linahudumia 1,000.

Kenya, kalenda hutoka Wizara ya Elimu. Marekani kwa kawaida ni bodi ya shule za eneo, inayochaguliwa na wakazi, ikifuata sheria za jimbo.

Wake County, North Carolina, kuliwaka bodi ilipotaka kugeuza shule 22 kuanzia 2007. Ukiwa na watoi wawili kwa kalenda tofauti, holi zao hazikutani, so wazazi wakaenda korti. 2009, Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema bodi haihitaji ruhusa ya mzazi.

Mwaka huohuo uchaguzi ukafika. Wapinzani wa kulazimisha kalenda hiyo wakanyakua wingi kwa bodi. Korti wazazi walilambishwa sakafu, kwa debe wakashinda.