Sheria ya Lucy: England ilivyomtoa mama wa mbwa mafichoni

Nchini England, dalali haruhusiwi kuuza watoto wa mbwa au paka walio chini ya umri wa miezi sita. Anayetaka mtoto wa mbwa ana njia mbili: aende kwa mfugaji aliyemzalisha, au aende kwenye kituo cha wanyama waliotelekezwa. Marufuku hiyo, iliyotimiza miaka mitano tarehe 6 Aprili 2025, huitwa Sheria ya Lucy, kwa jina la mbwa jike aliyetumika kama mashine ya kuzaa.

Kilio cha mbwa wasiotakiwa ni cha zamani nchini humo. Mwaka 1860 Mary Tealby alifungua jijini London hifadhi ya mbwa waliopotea na wenye njaa, ambayo baadaye ilihamia Battersea na ipo hadi leo. Mwaka 1973 Bunge lilipitisha sheria iliyomtaka mzalishaji wa mbwa kwa biashara awe na leseni ya halmashauri. Mwaka 1987 serikali ikafuta leseni ya kumiliki mbwa, iliyolipiwa peni 37. Miaka miwili baadaye chama cha kutetea wanyama cha RSPCA kilitoa bango lenye picha ya lundo la mizoga ya mbwa, kikiishutumu serikali kwa kuwaachia wengine kazi ya kuua. Hata hivyo, wabunge walikataa kuanzisha daftari la usajili wa mbwa.

Mwaka 1991 wakaguzi waliruhusiwa kuingia, kwa hati ya mahakama, katika mabanda yasiyo na leseni. Mwaka 1999 vikawekwa viwango: jike asipandishwe kabla ya kutimiza mwaka mmoja, asizae zaidi ya mara moja katika miezi 12, wala zaidi ya mara sita maishani.

Sheria hizo zilihesabu mizao lakini hazikuugusa mnyororo wa biashara. Huko Wales magharibi, mashamba kadhaa yaligeuza mabanda ya mifugo kuwa viwanda vya watoto wa mbwa. Watoto walitengwa na mama zao, wakasafirishwa umbali mrefu na kuuzwa madukani au kupitia matangazo. Mnunuzi alimwona mtoto mchangamfu, akalipa siku hiyohiyo. Mama hakumwona. Mtoto alipougua au kukua na woga na ukali, wengi walishindwa kumlea, na vituo vikazidi kujaa.

Lucy alitoka katika shamba la aina hiyo. Alikuwa wa mbari ya Cavalier King Charles, akaokolewa mwaka 2013. Mifupa ya nyonga yake ilikuwa imeshikana kwa kukaa muda mrefu katika kizimba chembamba, uti wa mgongo umepinda, manyoya yamenyonyoka, na alikuwa na kifafa. Familia iliyomchukua ilimtunza hadi alipokufa Desemba 2016. Kwa watetezi wa wanyama, mwili wake ulikuwa ushahidi tosha wa yale ambayo wanunuzi hawakuonyeshwa.

Ugomvi mkubwa ulikuwa umeshaanza. Novemba 2016 kamati ya Bunge inayoshughulikia mazingira na chakula ilipendekeza madalali wapigwe marufuku. Serikali ilikataa, ikihofia biashara ingehamia vichochoroni. La kushangaza ni kwamba hata baadhi ya mashirika makubwa ya kutetea mbwa, likiwemo Dogs Trust, yalisita. Hoja yao ilikuwa kwamba walanguzi wangejigeuza vituo vya uokoaji, hivyo afadhali leseni ziimarishwe kwanza.

Marc Abraham, daktari wa mifugo aliyeanzisha kampeni ya Pup Aid mwaka 2009, aliipinga hoja hiyo. Alikuwa amewatibu watoto wa mbwa waliougua punde tu baada ya kununuliwa. Kwake, hakuna leseni inayoweza kumfanya dalali amwonyeshe mnunuzi mama ambaye hanaye. Desemba 2017 kampeni ya Sheria ya Lucy ilizinduliwa bungeni. Maombi ya wananchi yalipita sahihi 100,000, na tarehe 21 Mei 2018 wabunge wakalijadili suala hilo. Serikali ikakusanya maoni, na zaidi ya asilimia 95 yakaunga mkono marufuku. Waziri Michael Gove akakubali.

Mwaka huohuo wa 2018 kanuni mpya zilishusha kiwango cha kuhitaji leseni kutoka mizao mitano kwa mwaka hadi mitatu. Marufuku yenyewe ilianza wiki mbili baada ya nchi kufungwa kwa sababu ya korona, wakati watu waliojifungia majumbani waligombania mbwa na bei zikapanda. Uskoti na Wales zilifuata Septemba 2021.

Adhabu ni faini isiyo na kikomo au kifungo cha hadi miezi sita. Hata hivyo, walaghai wamebuni mbinu ya kuweka jike wa kukopa pembeni ya watoto wasio wake. Mnunuzi makini huangalia chuchu zake na kama watoto wanamkimbilia kunyonya. Kazi hiyo haistahili kuachiwa mnunuzi peke yake. Halmashauri zilizokabidhiwa leseni zinapaswa kupewa wakaguzi na fedha za kutosha, kwani sheria iliyopiganiwa kwa miaka mingi haitapunguza mbwa wasiotakiwa kama mabanda hayakaguliwi.