Manjano Yalibaki

Kiswahili kinaita magoti viungo, na manjano pia kiungo. Huko Jinja na Mbale, hivyo viwili vina historia moja.

Ayurveda ni uganga wa kale wa India. Mtu akiumwa viungo au akichoka ovyo, hupewa manjano, tangawizi, au mzizi wa ashwagandha. Wahindi wenye maduka na mafundi walikuja na maarifa hayo Uganda, zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Agosti 1972, Idi Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke. Uingereza ilipokea zaidi ya 27,000, na wengi wao walianzia kambini, kama sisi. Maduka yakagawiwa wengine. Manjano yalibaki sokoni.

Basi bibi akichemsha manjano kwa ajili ya magoti, tusimcheke. Ila asiache dawa za kliniki, na unga usio na lebo asinunue: baadhi ya dawa za Ayurveda zimepimwa zikakutwa na madini ya risasi.

Na nyinyi wa mashirika, mkituandikisha msiulize tu tumepoteza nini. Ulizeni pia tunajua nini.