Mlima na Maji ya Mitunguu

Wazee na wanachama mwajua ya kuwa mlima wetu una majina mengi. Wameru huuita Kirimara, ndugu zetu Wakikuyu huuita Kirinyaga. Lakini vilele vyake vitatu vijulikanavyo zaidi, Batian (mita 5,199), Nelion (mita 5,188) na Lenana (mita 4,985), havina jina hata moja lililotoka katika vijiji vya miguuni pake. Ni majina ya ukoo wa Mbatian, laiboni mkuu wa Wamasai, nayo yalitolewa na Mwingereza Halford Mackinder, aliyefika Batian mwezi wa Septemba 1899.

Vitabu vingi huisimulia habari ya mlima kwa kuwataja waliopanda. Nasi twamkumbuka kwa furaha Kisoi Munyao, aliyepandisha bendera ya Kenya huko Lenana wakati wa uhuru, Desemba 1963. Lakini habari ya vijiji haipandi. Yashuka pamoja na maji.

Mto Thingithu hutoka mlimani, hupita nchi ya Imenti yenye mvua nyingi, kisha huteremka hata Mitunguu, ambako mvua ni haba. Zamani huku chini watu walitegemea mtama na kunde, na mwaka wa ukame ulikuwa mwaka wa njaa. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Wajerumani, maji ya mto huo yaliingizwa katika mabomba na kuteremshwa kwa nguvu ya mteremko wenyewe, bila mashine ya kuyavuta. Ndizi ziuzwazo leo sokoni Mitunguu zilianzia hapo.

Wengi husema ya kuwa barafu ikiisha mto utakauka. Mimi sikubali. Ni kweli barafu iitwayo Lewis ilipoteza kama sehemu tisa katika kumi za ujazo wake kati ya 1934 na 2010, nalo ni jambo la huzuni. Lakini barafu ile ni ndogo mno kuilisha mito yetu yote. Maji yetu ni ya mvua, ambayo msitu huyanywa na kuyatoa polepole. Na msitu huo, ulipochunguzwa kwa ndege mwaka 1999, ulionekana umejaa visiki, matanuri ya makaa na mashamba ya bangi. Mwaka uliofuata ulikabidhiwa Shirika la Wanyamapori.

Wakati wa kiangazi walio juu huchota kwanza. Mitunguu hupata yaliyosalia.