Pumzi na Saa: Mizizi ya Saikolojia, Leipzig na Kigali

Katika vitabu vinavyosomeshwa vyuoni, saikolojia ya kisasa ina wazazi wawili. Wa kwanza ni falsafa. Mwaka 1641 René Descartes aliitenga nafsi na mwili kwa ukali kiasi kwamba ilimbidi baadaye atafute mahali pa kuzikutanisha pande hizo mbili, akakitaja kitezi kidogo kilicho ndani ya ubongo. Mzazi wa pili ni fiziolojia, iliyokuja na saa mkononi. Mwaka 1850 Hermann von Helmholtz alichukua neva na msuli wa chura, akaisisimua neva kwa umeme karibu na msuli, kisha mbali kidogo, akapima tofauti ya muda. Ishara ambayo wengi waliidhani ya papo hapo ilikuwa ikisafiri mita 30 hivi kwa sekunde. Wilhelm Wundt, aliyewahi kuwa msaidizi wake huko Heidelberg, alifungua maabara Leipzig mwaka 1879, na saikolojia ikapata kiti chake miongoni mwa sayansi.

Rwanda ilikuwa na mlango mwingine. Mwaka 1956 Padre Alexis Kagame alichapisha utafiti wake kuhusu falsafa ya Wanyarwanda, na malighafi yake ilikuwa lugha. Viumbe na vitu vyote alivipanga katika mafungu manne: umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo. Umuntu ni kiumbe mwenye akili, na katika usemi wa Kinyarwanda fikra, huzuni na kumbukumbu vyote hukaa katika umutima, yaani moyo. Paulin Hountondji wa Benin alimpinga: falsafa ile ni ya Kagame mwenyewe, si ya taifa zima. Hoja hiyo ina uzito, kwani sarufi peke yake haithibitishi watu wanaamini nini.

Ushahidi wenye nguvu zaidi unatoka kwa wagonjwa. Kila Aprili, katika kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, hutokea mtu aliyeketi kimya akisikiliza ushuhuda akashika kifua, akatweta, akapiga kelele kana kwamba wauaji wamemfikia. Wahudumu humtoa kando, wakamlaza, wakakaa naye. Hali hiyo huitwa ihahamuka. Athanase Hagengimana na Devon Hinton, walioichunguza, walionyesha kwamba wagonjwa huieleza kama pumzi kukatika na mtiririko wa mwili kuziba. Mwanaanthropolojia Christopher Taylor alikwisha kuonyesha mwaka 1992 kwamba tiba ya jadi ya Rwanda huona afya katika kutiririka, na ugonjwa katika kuziba. Orodha ya dalili za mfadhaiko wa baada ya kiwewe, iliyoingizwa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, iliweka mbele kumbukumbu na jinamizi. Ihahamuka huanzia kifuani.

Je, Helmholtz ameshindwa hapa? La. Anayetweta hupoteza kabonidioksidi nyingi, akapata kizunguzungu na ganzi ya vidole. Hayo hupimika Kigali kama yanavyopimika Leipzig. Kipimo, hata hivyo, hakisemi kwa nini iwe Aprili, wala kwa nini mbele ya umati. Kwa hayo unahitaji lugha, desturi na historia.

Wundt alilijua hilo. Aliamini kwamba maabara haifikii fikra za juu za binadamu, ndiyo maana kati ya 1900 na 1920 alitoa juzuu 10 kuhusu lugha, visasili na mila. Wengi wa warithi wake walichukua saa wakaviacha vitabu.

Kigali haikuwa na anasa ya kuchagua. Hospitali ya Ndera, ya Mabruda wa Upendo, hutoa dawa. Mwanasaikolojia Simon Gasibirege alijenga uponyaji wa vikundi, ambamo majeraha ya maisha husimuliwa mbele ya wengine. Dawa hutuliza mwili, na kikundi humrudisha mtu kwa watu. Kwa hiyo mtaala wa saikolojia wa Afrika Mashariki unaoishia kwenye maabara ya 1879 umemfundisha mwanafunzi nusu ya Wundt. Nusu ya pili isomwe pamoja na Kagame, na Hountondji awepo darasani ili Kagame asiaminiwe upesi mno.