RISASI NA NYAMA MKUBWA: NAMNA WAWINDAJI WALIVYOCHAGUA SILAHA KATIKA KONGO YETU

Utangulizi

Katika vitabu kama hivi wenzetu huandika juu ya ngoma, mahari na kilio. Sisi tunataka kusema juu ya uwindaji, na sana sana juu ya jambo moja ambalo vijana wanadhani ni la mafundi tu: kwa nyama mkubwa kama tembo ao mbogo, mwindaji achague risasi gani? Tutaona kwamba swali hili si la chuma na baruti peke yake. Ni swali la nani alikuwa na ruhusa ya kuchagua, na nani aliyelipa pale risasi iliposhindwa kuua.

1. Mbele ya bunduki

Watu wetu waliua tembo zamani sana, kabla hawajasikia mlio wa bunduki. Wambuti wa Ituri walitega nyavu kwa ajili ya swala, lakini kwa tembo walichukua mkuki. Mwindaji alijipaka mavi ya tembo kusudi harufu yake ipotee, akanyata mpaka chini ya tumbo, akachoma, akakimbia. Kisha alifuata damu, pengine siku nzima ao zaidi. Kuacha nyama mwenye kidonda ilikuwa aibu na hatari, kwa sababu tembo aliyeumia hachagui mtu wa kumlipiza.

Kulikuwa na sheria vilevile. Katika makabila mengi ya Afrika ya kati, pembe iliyogusa udongo pale tembo alipoanguka ilikuwa ya mwenye ardhi, ni kusema chifu. Pembe ya juu ilikuwa ya mwindaji. Nyama iligawanywa kwa kijiji. Kwa hiyo silaha ilikuwa ya mtu mmoja, lakini mauti ya tembo ilikuwa jambo la wote. Tukumbuke neno hili, tutalirudia mwishoni.

2. Gobori linaingia Maniema

Katika karne ya 19, wafanyabiashara kutoka Unguja na Tabora walifika Nyangwe na Kasongo wakitafuta pembe. Walileta kiswahili hiki tunachoandika, na walileta pia utumwa na gobori, bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi kwa mdomo wa mtutu. Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 alifanywa gavana wa Stanley Falls (leo Kisangani), alikuwa mkubwa wao. Watu wengine husema jina lake lilitoka kwa mlio wa bunduki zake.

Gobori liliua tembo, ndiyo, lakini polepole. Risasi yake ya mviringo ilikuwa laini, mwendo wake mdogo, na mwindaji aliyekosa hakupata nafasi ya kushindilia mara ya pili. Ndiyo maana walipiga wengi pamoja.

Kisha wakubwa wa Ulaya walikutana Brussels, na mwaka 1890 wakatia sahihi mapatano. Walisema wanataka kukomesha biashara ya watumwa, na katika mapatano hayo waliweka pia sheria ya silaha kwa sehemu kubwa ya Afrika. Bunduki za kisasa, zenye mifereji ndani ya mtutu ao zinazopakiwa kwa nyuma, zilikatazwa isipokuwa kwa wenye ruhusa ya pekee. Mtu wa kawaida aliweza kuachiwa bunduki ya gumegume yenye mtutu laini, na baruti ya biashara. Basi tangu siku ile, kuchagua risasi kukawa haki ya wachache. Mwafrika hakuulizwa.

3. Wale waliokuwa na uchaguzi

Wakati uleule, huko Ulaya, mambo ya risasi yalibadilika kabisa. Hapo mbele, ili kuua nyama mkubwa, mzungu alibeba bunduki nzito sana ya baruti nyeusi. Walizihesabu kwa kalibre: kalibre 4 maana yake risasi 4 za mviringo zinazoingia katika mtutu ule zinafanya ratili moja, karibu gramu 450. Hesabu hiyo ndiyo iliyotupatia jina la kalibre 12 tunayoijua hata leo. Bunduki ya kalibre 4 ilimtupa mpigaji chini kama mtoto.

Mwaka 1886 jeshi la Ufaransa lilipokea bunduki yenye baruti isiyo na moshi. Baruti hii ina nguvu nyingi katika kikopo kidogo cha shaba. Mwaka 1898 fundi Rigby wa London alitoa kartushi ya .450 Nitro Express kwa ajili ya tembo: risasi ya gramu 31 yenye mwendo wa mita 650 hivi kwa sekunde. Wajerumani wakaleta 9.3x62 mwaka 1905, na Waingereza .375 ya Holland & Holland mwaka 1912. Hii ya .375 ndiyo nchi nyingi za Afrika zinaihesabu kuwa ya chini kabisa kwa nyama wakubwa wa hatari.

Lakini kubwa si kila mara bora. Mskoti mmoja, W.D.M. Bell, aliwinda Lado kando ya Nile, sehemu iliyokuwa mikononi mwa Leopold II mpaka alipokufa mwaka 1909. Bell aliua zaidi ya tembo 1000 katika maisha yake, na wengi aliwaua kwa bunduki ndogo ya milimita 7, yenye risasi ya gramu 11 tu. Siri yake ilikuwa nini? Alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo unakaa wapi. Fuvu la tembo ni kubwa lakini ndani lina matundu kama sega la nyuki, na ubongo ni mdogo, umefichwa nyuma. Risasi ndefu, ngumu, iliyovikwa chuma, inapita moja kwa moja. Risasi laini inabondeka njiani na kumwacha tembo na hasira.

Kumbe fundisho la kwanza ni hili: risasi nzuri ni ile inayofika pale inapotakiwa, na mkono unaojua. Hata hivyo tusimsifu Bell kupita kiasi. Alifanya kazi ya pembe, na Lado ilivunwa kama shamba lisilo na mwenyewe.

4. Na revolveri je?

Vijana walioona filamu wanatuuliza: bastola ya kuzunguka, yaani revolveri, haiwezi kuua mbogo? Huko Marekani watu huwinda kweli kwa revolveri, na majimbo mengi yanaruhusu kwa sheria. Kwa ajili yao ilitoka .357 Magnum mwaka 1935, .44 Magnum mwaka 1955, na .500 ya Smith & Wesson mwaka 2003. Wanaichagua juu ya paa na nguruwe wa pori, kwa umbali mdogo, na mpigaji amezoea sana.

Tufanye hesabu kidogo. Risasi ya .44 Magnum ina gramu 15 na nusu, na nguvu ya jouli 1400 hivi. Ile ya .375 ina gramu 19 na jouli karibu 5800, yaani mara 4. Tena mtutu mfupi unakosesha shabaha upesi. Wakati wa ukoloni, revolveri kiunoni mwa ofisa ilikuwa alama ya ukubwa, iliogopesha watu. Kwa mbogo haikuwa dawa.

5. Pupu, kalibre 12 na karatasi za Leta

Katika Kongo ya Wabeljiji, amri ya tarehe 21 Aprili 1937 ilipanga uwindaji na uvuvi. Parc Albert, leo Virunga, ilikuwa imeanzishwa mwaka 1925. Baada ya uhuru, Zaire ilitoa sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982: kuna permis ya uwindaji mdogo, ya uwindaji mkubwa, ya watu wa kijiji, na nyingine. Kwa karatasi mambo yalikuwa sawa.

Lakini porini, mwindaji wetu alikuwa na nini? Alikuwa na pupu, bunduki iliyotengenezwa na fundi wa kijiji kwa bomba la chuma, ao kalibre 12 ya kuazima. Kalibre 12 ni nzuri kwa swala na nguruwe. Kwa tembo, risasi yake ya madini laini inabondeka katika mfupa. Mbogo aliyepigwa hivyo anaingia kichakani na kungoja, na anayempata si mwenye bunduki kila mara: pengine ni mama anayetoka shambani na kuni kichwani. Ndiyo hasara ya sheria inayomkataza mtu silaha inayofaa bila kumlinda na nyama anayekanyaga muhogo wake.

6. Vita vinachagua

Ndipo vita vilipofika, na risasi ya Kalashnikov ikajaa kila mahali. Ni ndogo, gramu 8, haikutengenezwa kwa tembo. Lakini mwenye nayo anapiga 30 mfululizo, hajali kidonda. Wahenga walisema, wapiganapo tembo wawili nyasi huumia. Hapa watu walipigana, na tembo wakaumia. Garamba ilipoteza faru wake weupe wa kaskazini. Dume wa mwisho wa aina hiyo alikufa Kenya mwaka 2018. Mwezi wa 3 mwaka 2012, tembo 22 walikutwa wamekufa Garamba, wamepigwa kichwani kutoka juu, na ilidhaniwa kwamba wapigaji walikuwa ndani ya helikopta. Bell alijua ubongo unakaa wapi. Hawa pia walijua.

Umalizio

Leo tembo analindwa kabisa katika Kongo, na biashara ya pembe kati ya mataifa ilikatazwa kwa mapatano ya mwaka 1989. Hatuandiki haya ili mtu atafute risasi. Tunaandika kwa sababu tumeona silaha za namna zote zikipita katika nchi yetu: mkuki, gobori, Nitro Express, pupu, Kalashnikov. Silaha iliongezeka nguvu kila mara, na kila mara idadi ya wale walioulizwa ilipungua. Mwenye mkuki alipaswa kumjibu chifu juu ya pembe, kijiji juu ya nyama, na jirani juu ya kidonda. Mwenye helikopta hakumjibu mtu.

Basi tunaomba wazee wawafundishe watoto sheria ile ya pembe iliyogusa udongo. Iliwekwa na watu waliojua kwamba nyama mkubwa akianguka, ardhi nayo ina sehemu yake.