Malezi ya Jamaa Maskini Katika Nchi ya Chai

Yafaa katika taarifa ya mwaka tuhesabu si fedha za chama peke yake, bali pia jasho lililotulea. Nchi yetu ya Kericho na Bomet yajulikana duniani kwa chai. Habari za jamaa walioichuma hazijulikani sana.

Makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalianza kupanda chai Kericho katikati ya miaka ya 1920, katika nchi ambayo Wakipsigis walikuwa wakilishia ng'ombe. Kodi ya Serikali ilidaiwa kwa fedha taslimu, na asiye na mali ya kuuza aliuza nguvu zake. Wengine walitoka Nyanza, wakaishi na watoto wao kambini katika chumba kidogo.

Mchumaji huchuma majani mawili na chipukizi lake, akayatupa kikapuni mgongoni, kisha kikapu hupelekwa mizanini. Malipo yakifuata uzito, kila mkono una bei yake, hata mkono wa mtoto. Watoto wengi walichuma, na mwaka 1938 Serikali ya kikoloni iliweka kamati ya kuchunguza kazi ya watoto nchini.

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani wa wazazi. Mtoto akienda shambani, chungu kilijaa leo. Akienda shuleni, chungu kilipungua leo kwa tumaini la kesho. Nyumba nyingi ziliamua mmoja asome na wengine wachume, na mara nyingi aliyebaki na kikapu alikuwa binti. Haukuwa ukatili wa wazazi. Ilikuwa hesabu ya ufukara.

Baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, Waafrika walipata nafasi zaidi ya kupanda mazao ya biashara, na mwaka 1964 likaundwa shirika la KTDA kuwahudumia wakulima wadogo wa chai. Hata hivyo mche wa chai hautoi mavuno ya maana kabla ya miaka mitatu hivi. Katika kungoja huko, mahindi, wimbi na maziwa ndivyo vilivyoilisha nyumba. Chai ilipokomaa, malipo ya mwezi yalinunua chumvi, sukari na mafuta ya taa. Bonasi ya mwisho wa mwaka ilingojewa kwa ajili ya karo. Karo ya madarasa manne ya kwanza iliondolewa mwaka 1974, na ya shule zote za msingi za Serikali mwaka 2003. Lakini sare, madaftari na masomo ya juu viliendelea kudai fedha.

Kabla ya vyama vyenye mihuri na vitabu vya hesabu, majirani wa kokwet walikuwa wakilimiana na kujengeana. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho ndicho kilichotufikisha hapa. Basi tunapomsifu aliyesoma, tusimsahau dada aliyemchumia karo. Na tunapotoa msaada wa masomo, tuulize pia: katika nyumba hii, ni nani atakayebaki na kikapu? Huyo naye ni mtoto wetu.