Kampuni ya mikate iliyofundisha wengine kompyuta

Koperative moja ya kahawa nilikofanya kazi ilileta washauri wa informatiki. Walikuja na tableti, wakafanya formasyo ya siku tatu, wakaenda. Hakuna aliyemuuliza karani wa mizani kwa nini anaandika uzito mara mbili: mbele ya kutoa matunda yanayoelea kwenye maji, na nyuma yake. Mkulima analipwa kwa uzito wa pili. Programu ilikuwa na fasi ya uzito mmoja tu. Msimu ule tuligombana na wakulima mpaka nikaona haya kupita barabarani.

Kwa hasira nikaanza kutafuta hii kazi ya ushauri ilianzia wapi. Kumbe mizizi yake mmoja uko London, kwa watu wa chai.

J. Lyons & Co. ilikuwa na viwanda vya mikate na keki, na nyumba za chai nyingi. Faida ya kikombe kimoja ilikuwa kidogo sana, makaratasi yake mengi. Tangu miaka ya 1930 walikuwa na bureau ya pekee ya kuchunguza namna makarani wanavyofanya kazi, na kama karatasi fulani ina maana. Mwaka 1947 watu wao wawili, Thompson na Standingford, walienda Marekani kuona mashini mpya za kuhesabu. Huko wakaambiwa: Cambridge, pale kwenu, wanatengeneza moja. (Kuvuka bahari ili uonyeshwe jirani!) Lyons ikawapa wa Cambridge paundi 3,000 na fundi mmoja, kisha ikajenga yake, ikaiita LEO. Novemba 1951 ilianza kuhesabu gharama za mikate. Wanahistoria wengi wanaihesabu kuwa kompyuta ya kwanza kufanya kazi ya kawaida ya biashara.

Lakini mimi ninapenda zaidi kazi ya nyumba za chai, ya mwaka 1954. Kila nyumba iliagiza keki na mikate ya kesho yake. Wale wa bureau walikuwa wameona kwamba agizo la Jumatatu hii linafanana na la Jumatatu iliyopita. Basi agizo la kawaida likawekwa tayari kwa mashini. Mchana karani anamupigia simu mama msimamizi kwa saa iliyopangwa, anauliza kilichobadilika tu, anakitoboa palepale kwenye kadi. Mashini inatoa liste za kupakia. Yule mama hakujifunza kitu kipya hata kimoja. Kazi yake ilipungua.

Mwaka ule ule walifungua LEO Computers ili kutumikia wengine. Timu ya David Caminer ilifuata njia ya kila karatasi kwa mteja, ndipo programu ikaandikwa. Hata Ford ya Dagenham iliwapelekea mishahara ya wafanyakazi ihesabiwe. Hawakutajirika, bien sûr: kutengeneza mashini kulikula franga kuliko mikate ilivyoweza kuleta, na mwaka 1963 LEO iliunganishwa na English Electric.

Washauri wetu wangekaa asubuhi moja tu kwenye mizani, wakiangalia. Asubuhi moja! Sasa tableti ziko kabatini, na karani amefungua kitabu kipya. Amekichora safu mbili, kama kawaida.